Jina Lililotangulia Ushahidi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa kisiwani, na ilizaliwa kwa kukanusha mzimu. Muhammed Said Abdulla alipoishindanisha hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikatoka kitabu mwaka 1960, aliiweka maiti mahali ambapo watu walikwisha kuwa na jawabu lao: marehemu kauliwa na mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na Najum ubavuni, hakuja kuongeza jawabu la pili juu ya lile la kwanza. Alikuja kulifungua swali ambalo wengine walikwisha kulifunga na kulitia kufuli. Baada ya hapo ndipo alipoonyesha kuwa mkono uliotenda ulikuwa mkono wa mtu, wenye vidole vitano na haja za kidunia.

Wasomaji wa pwani humkumbuka Bwana Msa kwa werevu wake. Aghalabu husahau bahati yake. Ni mtu mzima mwenye nafasi yake, hana mkubwa wa kazi anayemdai taarifa kabla ya Ijumaa, na juu ya yote, mzimu hauumii ukisingiziwa. Watu wakisema mzimu umeua, hakuna nyumba itakayotiwa moto, wala hakuna kizee atakayeburutwa uani usiku. Kosa la watu katika riwaya ile ni kosa la rai tu, na rai haimwagi damu. Basi inafaa kuuliza lile ambalo Bwana Msa hakulazimika kuuliza: mambo huwaje pale ambapo jawabu la watu lina jina, lina mlango na lina wajukuu?

Baada ya Abdulla walikuja wengine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika miaka ya 1970, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango katika muongo uliofuata, wote wawili wepesi wa mikono kuliko mzee wa kiko. Siku hizi umbo linalopendwa, vitabuni na katika filamu, ni la kachero mchanga aliyetoka chuoni juzi, akapewa jalada ambalo wakubwa wake wamelichoka. Pana maiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine huona vifo vitatu; yeye huona mkono mmoja. Huzifuata alama, hukosea mara moja, hukaripiwa, na katika kurasa za mwisho husimama uso kwa uso na mtu mmoja chumbani. Mtu yule akiisha kutiwa pingu, mji hupumua.

Umbo hilo lina utamu wa shairi lenye vina vya kati na vya mwisho: sikio linajua kuwa kituo kinakuja, na kikija linaridhika. Ila raha ya kina haithibitishi ukweli wa kauli. Shairi huweza kutimiza mizani zake zote likasema uwongo, na wapenzi wa ushairi wanalijua hilo kuliko wengine, kwani wao ndio waliokwisha kudanganywa mara nyingi zaidi kwa sauti nzuri. Uwongo wa hadithi ya muuaji mmoja ni kule kuahidi kuwa uovu wote wa mahali unaweza kukusanywa ndani ya kifua cha mtu mmoja, na mtu huyo akaondolewa.

Hadithi hiyo na ihamishwe. Itolewe Unguja, ipite Dar es Salaam bila ya kushuka garini, ishike njia kuu ya Zambia hadi nyanda za juu za kusini, kisha iache lami na kuingia upande wa bonde la Rukwa, katika kata ya Mbangala, Wilaya ya Songwe. Makao ya wilaya ni Mkwajuni, na mkoa wenyewe ni mchanga, umemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nchi hii imo katika eneo la dhahabu la Lupa, lililowavuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Hata leo wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba, na makarasha husaga mawe mchana kutwa. Mbali kusini ni Tunduma, mji wa mpakani, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Ni mkoa wa watu wanaopita. Machimboni mtu hufahamika kwa lakabu, na akiondoka hapana wa kuuliza amekwenda wapi. Mwandishi wa riwaya hataki zaidi ya hayo.

Kachero na awe na miaka 24. Watu watatu, katika hadithi hii ya kubuni, wamekufa katika miezi minane, na wa tatu ni mtoto. Anashuka kwenye bodaboda, vumbi hadi kopeni, anasalimiana na mwenyekiti wa kitongoji. Na kabla ya kuonyeshwa mahali maiti ilipookotwa, anaonyeshwa nyumba.

"Pale, afande. Kila mtu anajua."

Ni nyumba ya mjane mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Wanawe wawili walikufa wakiwa wadogo. Aliwahi kugombana na babu wa yule mtoto juu ya mpaka wa shamba. Hayo ndiyo mashtaka yote, na kwa kitongoji yanatosha.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mithali hii ina hekima na ina hatari, na watu wengi huishika kwa upande wa hatari. Hekima yake ni kuwa maneno hayaoti juu ya jabali tupu. Panapovuma neno, pana kitu chini yake. Ni kitu gani, mithali haikusema. Pengine ni jambo lenyewe. Pengine ni hofu, au husuda, au deni la zamani lililotafuta mahali pa kulipiwa. Anayesikia uvumi na akasadiki kuwa uko kwa sura ile ile unavyosimuliwa hakuielewa nusu ya kwanza ya mithali. Na nusu ya pili ni ya kutisha zaidi, kwani kifo ambacho hakikuwapo huja kwa sababu ya kusemwa. Kikongwe asiyeua mtu akiitwa muuaji kwa muda wa kutosha, mauaji yatapatikana mbele ya mlango wake, naye atakuwa ndiye maiti. Kwa miaka mingi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika katika taarifa zake mamia ya vifo vya namna hiyo Tanzania, vingi vyao vya wanawake wazee, waliouawa na watu waliokuwa na yakini.

Yakini ndiyo neno la kushika hapa. Hakuna mtu aliyewahi kumuua kikongwe jirani yake kwa kubahatisha. Waliofanya hivyo walijua, au waliuita ujuzi kile walichokuwa nacho.

Kachero huyu haingii katika nchi isiyo na kumbukumbu. Mwaka 1999 magazeti ya Tanzania yaliandika juu ya maiti zilizokutwa zimechunwa ngozi katika wilaya za Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Mbozi ikiwamo, na Mbozi leo ni sehemu ya Songwe. Ilisemwa kuwa ngozi huvushwa mpaka na kuuzwa nchi za jirani kwa kazi za uganga. Neno wachuna ngozi likaingia katika mazungumzo ya nchi nzima, na watoto wakatishwa kwalo hadi Tanga. Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Todd Sanders, aliandika juu ya mkasa huo mwaka 2001, akaufungamanisha na hali ya uchumi wa wakati ule: milango ya soko ilikwisha kufunguliwa, kila kitu kikapata bei, na watu wakawa wanaulizana kwa maneno na kwa vitendo, ni kitu gani kilichobaki kisichouzwa. Fikra hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inaligeuza umbo la riwaya juu chini.

Muuaji wa mfululizo, kama wanavyomjua wasomaji wa riwaya za Marekani na Ulaya, ni mtu mwenye njaa ndani yake. Huua kwa sababu ya jambo lililoharibika katika nafsi yake, na mfululizo wa maiti ni mwandiko wake. Kwa hiyo mpelelezi husoma maiti kama asomavyo mtu barua isiyo na sahihi, akitafuta nafsi ya mwandishi. Mauaji ya kuchuna ngozi, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoanza kusikika kwa wingi tangu mwaka 2007 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hayasomeki hivyo. Mkono uliokata haukuwa na njaa yake wenyewe. Pana anayetaka utajiri wa shimo la dhahabu au wa wavu wa samaki; pana mganga anayemwambia kitakiwacho; pana dalali anayejua nani atakipata; na pana mwenye panga, ambaye mara nyingine ni jirani, na mara nyingine, kwa aibu ya kusema, ni jamaa wa marehemu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye panga akikamatwa, mganga atampata mwingine. Mfululizo upo kweli, ila ni mfululizo wa biashara, na nafsi ya mtu mmoja haielezi biashara.

Ni nani, basi, muuaji? Sheria ina jibu lake, nalo si baya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu kuwa mtenda kosa yule aliyetenda kwa mkono wake, na aliyesaidia, na aliyeshauri, na aliyemtuma mwingine atende. Maadili yanakwenda mbali zaidi kuliko sheria inavyoweza kufika, na hapo ndipo panapokuwa pazito. Vipi kuhusu aliyesikia bei na akanyamaza? Vipi kuhusu mwenye duka aliyeona fedha za ghafla mkononi mwa kijana, akauza bati 40 wala hakujiuliza? Dhambi ya kutojua kwa makusudi haina kifungu mahakamani, lakini inajulikana na kila mwenye akili timamu, kwa kuwa kila mmoja ameifanya katika jambo dogo.

Hatari iliyopo ni kuinyoosha hoja hiyo hadi ikatike. Wakisemwa wote kuwa wameua, hakuna aliyeua. Mwenye panga atakuwa wa kwanza kusema kuwa jamii nzima ndiyo yenye makosa, na atalisema kwa ufasaha akipata wakili mzuri. Kachero hana budi kuyashika mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa raha: kwamba mkono ulikuwa mmoja, una mwenyewe na atajibu, na kwamba mkono huo ulikodiwa.

Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilijaribu njia ambayo mwandishi wa riwaya asingethubutu kuibuni. Mwezi Januari Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Mwezi Machi Rais Jakaya Kikwete akaanzisha kura za siri katika Kanda ya Ziwa: wananchi waliitwa wapige kura kumtaja wanayemshuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino, pamoja na majambazi. Mtu aliandika jina katika karatasi, akaikunja, akaitia katika sanduku, akaenda zake.

Ni rahisi kuicheka njia hiyo kwa mtu aliyekaa penye taa. Serikali ilikuwa na sababu zake. Watu walikuwa wanakufa, mashahidi waliogopa, na siri ya karatasi ilimpa mwoga nafasi ya kusema bila ya kuonekana. Katika mji ambao kusema kwa sauti ni kujiandikia kifo, sanduku lile lilikuwa ni sikio. Aliyemwona mtu fulani akirudi usiku na damu katika nguo angeweza kulisema hapo, na pengine wako waliolisema.

Lakini sanduku halibagui. Karatasi ya aliyeona na karatasi ya aliyesikia zina uzito mmoja, na karatasi ya mwenye chuki haipungui hata mizani moja. Kura ni chombo kizuri cha kujua watu wanataka nini. Si chombo cha kujua nini kilitokea. Nani awe mwenyekiti, hilo linaamuliwa kwa wingi, kwa sababu wingi ndio unaomfanya kuwa mwenyekiti. Nani alimuua mtoto, hilo lilikwisha kuamuliwa usiku ule mtoto alipouawa, na hata wapiga kura 10,000 hawawezi kulibadilisha. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee, na katika shauri la kisima au la harusi ni kweli. Katika shauri la damu, penye wengi ndipo jina la mnyonge linapoharibika upesi, maana mnyonge ndiye anayejulikana na wote na kutetewa na wachache. Mtu mwenye fedha za kumlipa mganga hatajwi kwa urahisi. Ana wadeni, ana wajomba, ana gari ambalo siku ya ugonjwa ndilo litakalopeleka watu hospitali.

Haki ilipokuja kwa mara ya kwanza katika mkasa ule, ilikuja kwa mlango mwingine. Mwezi Septemba mwaka huo huo, mahakama iliyokaa Kahama iliwatia hatiani wanaume watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa miaka 14, baada ya kusikiliza mashahidi na kupima ushahidi. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna yake nchini. Ilichukua muda mrefu kuliko kukunja karatasi.

Wanafiqhi wana kanuni ya zamani, inayofahamika na kila aliyekaa mbele ya mwalimu mskitini, kuwa adhabu za hudud huondolewa panapoingia shaka, na kwamba ni afadhali kiongozi akosee katika kusamehe kuliko akosee katika kuadhibu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, husema kwa lugha yake kuwa mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Wawili hao, fakihi na mtunga katiba, hawakukutana, lakini wote waliijua tabia moja ya binadamu: kwamba shaka inamwelemea, na atafanya lolote kuitua mahali, hata juu ya kichwa cha mtu asiyehusika.

Kenya iliyaona hayo mara mbili katika miaka ya karibuni. Mwezi Julai 2021 polisi walimkamata kijana wa miaka 20 aliyesemwa kuwa amekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi. Mwezi Oktoba akatoroka mahabusu Nairobi, akakimbilia kwao Bungoma, na siku mbili baadaye umati ukamuua. Wazazi waliopoteza watoto walikuwa na haki ya kusikia kila neno lake mahakamani: wapi, lini, na nani aliyejua. Umati uliwanyang'anya. Kisha, Julai 2024, miili ya wanawake ilipatikana katika machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jaa huko Kware, Nairobi. Baada ya siku chache polisi wakatangaza kuwa mtuhumiwa amekiri kuwaua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akaiambia mahakama kuwa ungamo hilo lilitokana na mateso. Mwezi Agosti mtuhumiwa naye akatoroka kituo cha polisi. Idadi ile, 42, imebaki ikining'inia hewani. Ni ya kutisha ikiwa kweli, na ni ya kutisha kwa namna nyingine ikiwa imepatikana kwa kipigo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, ya mwaka 1967, humtaka mwendesha mashtaka athibitishe kuwa ungamo lilitolewa kwa hiari. Waliotunga kifungu hicho walikuwa wamekwisha kuona chumba cha mahojiano.

Mwandishi wa Uswisi, Friedrich Dürrenmatt, alikiandika kitabu kinachostahili kuingizwa katika Kiswahili. Ni Das Versprechen, maana yake Ahadi, cha mwaka 1958, na jina lake dogo huita kitabu hicho maombolezo ya riwaya ya upelelezi. Msichana mdogo ameuawa. Mpelelezi Matthäi anawaahidi wazazi kuwa atamtia mkononi muuaji. Mchuuzi mmoja, mtu wa kupita njia aliyeiokota maiti, anahojiwa hadi anachoka, anaungama, anajinyonga. Polisi wamefunga jalada. Matthäi hasadiki. Anaiacha kazi, anakodi kituo cha petroli kwenye njia ambayo anahisi muuaji hupita, anamweka hapo mama mmoja na binti yake anayefanana na marehemu, na anangoja. Hakumwambia mama kuwa binti yake ni chambo. Muuaji yupo kweli, na hesabu za Matthäi ni sahihi kabisa. Ila siku aliyokuwa aje, amekufa kwa ajali ya gari njiani, na Matthäi anaendelea kungoja miaka na miaka, amelewa, amechakaa, na hakosi hesabu hata moja.

Kinachouma katika kisa hicho si ile ajali. Ni kuwa mpelelezi mwema, aliyeanza kwa huruma juu ya mtoto mmoja, aliishia kumtumia mtoto mwingine kama kipande cha nyama mtegoni. Ahadi yake ilikuwa nzuri. Kiu yake ya kuitimiza ilikuwa na sura ile ile ya kiu ya muuaji: zote mbili zilimhitaji mtoto kwa ajili ya jambo lingine. Riwaya nyingi za kachero mchanga hazitaki kulitazama hilo. Humsifu kwa kutolala, kwa kutokula, kwa kumsahau mkewe, kana kwamba kushikwa na jambo ni fadhila. Wala msomaji hana mikono safi, maana akifika sura ya tano bila ya maiti mpya huanza kupiga miayo.

Hapo ndipo panaporudi Mbangala na mjane wake.

Kachero ana njia mbili, na zote zina miba. Akienda kwa mjane kumhoji, atakwenda mchana, na macho ya kitongoji kizima yatakuwa mgongoni mwake. Atakaa kigodani dakika 20, atauliza maswali ya kawaida ambayo angemuuliza jirani yeyote: alikuwa wapi siku ile, alimwona nani njiani. Akitoka, maswali hayatakumbukwa na mtu. Kitakachokumbukwa ni kuwa polisi alikwenda kwake kwanza. Kwa kitongoji, hatua za kachero ni hukumu. Hatahitaji kuandika jina lake. Miguu yake itakuwa imeliandika. Na asipokwenda, atakuwa amemwacha shahidi. Kwani mjane halali usiku, kama wazee wengi wasivyolala, na nyumba yake iko karibu na njia ya kwenda machimboni. Huenda ndiye pekee aliyeona.

Vitabu vya chuoni havisemi neno juu ya jambo hili. Vinamfundisha mpelelezi kuwa kuuliza ni tendo lisilo na upande, kwamba swali ni wavu tu na samaki ndiye mwenye kosa. Si kweli, na wala haikuwa kweli hata Unguja kwa Bwana Msa. Kuuliza ni kuonyesha. Mtu aliyeulizwa mbele ya wenziwe hawi tena yule wa jana. Hata sheria yenyewe imewahi kuyumba hapa: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayeshukiwa na kumlazimisha akae mahali pengine. Pengine ilikusudiwa kumwokoa na majirani zake. Lakini anayeondolewa ni nani, na anayebaki katika shamba ni nani?

Wako watakaosema: basi asiende kwa mtu yeyote, akae kituoni angoje vinasaba kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hiyo ni hekima ya mtu asiyejua umbali. Alama zimekwisha kukanyagwa, mvua imenyesha, maiti imeoshwa na kuzikwa kwa heshima na watu waliompenda marehemu na wasiojua kuwa wanaosha ushahidi. Machimboni na vijijini, ushahidi mwingi huishi ndani ya watu, na haupatikani ila kwa kuwaendea watu.

Liko jambo moja ambalo kijana huyu anaweza kulifanya, na halina ushujaa wa kutosha kuuza kitabu. Anaweza kwenda nyumba zote. Aanze mwisho wa kitongoji, aingie kila uani, kwa mwenyekiti vile vile, kwa mwenye karasha, kwa mganga, kwa babu wa marehemu, akae kigodani dakika 20 kila mahali, aulize maswali yale yale. Itamchukua siku tisa. Mkubwa wake atampigia simu kila jioni kumuuliza amekamata nani. Siku ya sita, kwa zamu yake, atafika kwa mjane, naye hatakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja."

"Nimekuja. Nyumba zote napita."

"Nimekuona. Nilikuwa nahesabu."

Atamweleza alichokiona, au hatamweleza. Bibi wa umri ule amejifunza kuwa neno likitoka halirudi, na hana sababu kubwa ya kumwamini kijana mwenye kalamu. Riwaya ingemfanya aseme. Ingemwekea mdomoni sentensi moja ya fumbo, na kachero angeishika, na sura tatu baadaye mtu angetiwa pingu kwenye foleni ya malori Tunduma, mguu mmoja Tanzania na mmoja Zambia.

Jioni ya siku ya tisa mwenyekiti anamkuta chini ya mwembe na daftari lake. Anachungulia. Ukurasa wa kwanza una jina la mtoto, lote, la kwake na la baba na la babu, na umri wake, na rangi ya shati, na saa alipoonekana mara ya mwisho akipeleka mbuzi. Kurasa zinazofuata zina majina ya nyumba 61 na yaliyosemwa katika kila moja. Mahali pa mtuhumiwa ni peupe.

"Afande," mwenyekiti anasema, "pale hujaandika."

"Sijaandika."

Mwenyekiti anavuta kigoda, anaketi. Makarasha yamezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu wanasikilizana bila ya kupaza sauti.